Fedha za afya ya Watwa zipite mikononi mwa Watwa

Mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure nchini Burundi. Ndivyo ilivyo tangu Mei 1, 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza kwamba watoto hao na kina mama wanaojifungua hawatatozwa tena. Uamuzi ule uliokoa watu. Kabla yake, mama aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi akashindwa kulipa aliweza kuzuiliwa wodini kwa wiki kadhaa, na mwaka huohuo wa 2006 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti nzima kuhusu wagonjwa masikini waliofungiwa katika hospitali zetu kwa sababu ya deni. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulikuta watoto 96 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2016-17 ulikuta 78. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 500 hadi 334 kwa kila vizazi hai 100,000. Tunaisifu serikali kwa hayo bila kigugumizi.

Sasa tuseme kilichobaki.

Matibabu hayo ya bure yana sharti: mtoto awe ameandikishwa. Muuguzi anaomba cheti cha kuzaliwa. Cheti kinatoka komini, na komini inataka kitambulisho cha baba, mara nyingine na cheti cha ndoa. Mama wa Kitwa ambaye ndoa yake haikuandikishwa, ambaye mumewe hajawahi kuwa na kitambulisho, aliyejifungulia nyumbani kwa sababu kituo kiko mbali, anafika mapokezi mikono mitupu. Akichelewa kumwandikisha mtoto, anaambiwa aende mahakamani kutafuta hukumu ya kuthibitisha kwamba mtoto aliye mgongoni mwake alizaliwa. Nauli hana. Basi sheria inasema mtoto huyo atibiwe bure, na mama analipa, au anarudi naye nyumbani na homa yake.

Kwa wakubwa kuna kadi ya msaada wa matibabu, CAM, iliyoanza mwaka 1984 na kufufuliwa mwaka 2012. Mwaka huo bei yake kwa familia iliwekwa faranga 3,000 kwa mwaka, kisha familia hulipa sehemu ndogo tu ya gharama za matibabu. Kwa mtumishi anayeishi Rohero, mtaa wa wenye nacho hapa Bujumbura, kiasi hicho kinaisha kwa soda za jioni moja. Kwa familia inayolima shamba la mtu na kulipwa mihogo ya siku hiyo, ni fedha ambayo haijawahi kukusanyika mkononi. Na hata kadi hiyo inataka kitambulisho.

Tusizunguke: tunazungumzia kabila. Burundi neno hilo hutamkwa kwa sauti ya chini, na kila mtu anajua kwa nini. Mauaji ya mwaka 1972 na ya mwaka 1993 yamo ndani ya nyumba zetu zote, Kamenge na Ngagara, Kinama na Musaga. Lakini kunyamaza hakujawahi kumtibu mtu. Watwa wanakadiriwa, tangu enzi za Wabelgiji, kuwa mmoja kati ya kila Warundi mia. Wengi wao hawana ardhi katika nchi ambayo karibu kila mtu anaishi kwa jembe. Waliishi kwa kufinyanga vyungu. Mabonde ya udongo wa mfinyanzi yakageuzwa mashamba ya mpunga, masufuria na plastiki vikajaa sokoni, na mnunuzi akapotea. Ubugererwa, yaani kuishi kwenye ardhi ya bwana kwa malipo ya utumishi, ulifutwa kisheria mwaka 1977, lakini miaka mingi baadaye vyama vya Watwa vilikuwa bado vinakuta familia zinazoishi hivyo. Mtu asiye na ardhi hana akiba ya chakula, na asiye na chakula huugua mapema na kupona kwa taabu. Daktari yeyote wa watoto katika jiji hili atakuambia hivyo.

Nchi hii haiogopi kuhesabu makabila inapotaka. Katiba ya 2005, iliyozaliwa na Makubaliano ya amani ya Arusha ya Agosti 28, 2000, iliwapa Watwa viti vitatu Bungeni na vitatu Seneti. Sheria ya Januari 2017 kuhusu mashirika ya kigeni iliyataka yaajiri wafanyakazi wa ndani kwa uwiano wa makabila. Oktoba 2018 kazi za mashirika hayo zilisimamishwa mpaka yakubali, na Handicap International ikaamua kufunga na kuondoka kuliko kuwaorodhesha watumishi wake kwa kabila. Katiba ya 2018 nayo iliipa Seneti miaka mitano ya kupima kama uwiano huo katika serikali, Bunge na mahakama uendelee au ukome.

Kwa hiyo tumehesabu kabila la waziri, la dereva na la mhasibu. Kabila la mtoto aliyekufa kwa utapiamlo hatujalihesabu. Utafiti uleule wa 2016-17 ulionyesha kwamba watoto 56 kati ya kila 100 waliokuwa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, moja ya viwango vibaya kabisa duniani. Majedwali yake yanawagawa watoto kwa mkoa, kwa elimu ya mama, kwa utajiri wa kaya. La Watwa halimo. Wizara haiwezi kusema kama pengo linapungua au linapanuka, na mfadhili hawezi kuulizwa fedha zake zilifanya nini. Watwa wanatajwa kwenye hotuba chini ya jina la jumla la "watu walio katika mazingira magumu", pamoja na wajane, walemavu na wakimbizi waliorejea. Jina hilo ni pana mno. Fedha zikiingia humo hazionekani tena.

Wanaojua hali ilivyo wapo. UNIPROBA, chama cha Watwa kilichowahi kuongozwa na Libérate Nicayenzi, aliyekuwa pia mbunge, kimefanya kwa miaka kazi isiyopigwa picha: kuandikisha ndoa, kutafutia watu vitambulisho, kuandikisha watoto ili waingie shule na wapokelewe zahanati. Hiyo ni kazi ya afya, ingawa hakuna sindano wala dawa. Mtoto mmoja aliyeandikishwa ana miaka mitano ya matibabu yaliyokwisha kulipiwa na taifa. Tutajie mradi wa wafadhili unaonunua afya nyingi hivyo kwa bei ya safari chache za komini.

Na hapo ndipo msimamo wetu ulipo. Fedha za kupunguza pengo hili zipewe vyama vya Watwa vikishirikiana na vituo vya afya vya mahali walipo, kwa mkataba wa maandishi, wa miaka, ambao Watwa wenyewe wameuandika pamoja na wauguzi. Hatuombi zahanati ya Watwa. Zahanati ya peke yao ingekuwa aibu mpya, na siku mfadhili akiondoka ingebaki ukuta mtupu. Tunaomba mtu anayejua nyumba gani ina mtoto mwenye homa alipwe kumfikisha kwenye kituo kilekile wanachotibiwa majirani wote, apokewe pale kama mtu.

Njia ya kupitisha fedha hizo ipo tayari, na wengi nje ya wizara hawajui ilivyo nzuri. Tangu Aprili 2010 vituo vya afya nchini hulipwa kwa kazi vilizofanya: chanjo kadhaa, uzazi kadhaa, wajawazito kadhaa waliohudhuria kliniki. Kabla ya malipo, kamati ya mkoa hukagua madaftari. Kisha chama cha wenyeji hupewa orodha ya wagonjwa na kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza: fulani yupo? Alitibiwa kweli? Alitozwa kitu? Alipokewaje? Vituo vilivyo mbali na vyenye wateja masikini huongezewa malipo. Abaremeshakiyago nao, wale wahudumu wa afya wa kujitolea tunaowaona wakizunguka mitaani na kwenye milima, wamewekwa katika vikundi ambavyo vimewahi kuingia mikataba ya aina hiyo na kulipwa kwa kila mjamzito waliyemsindikiza kituoni na kila mgonjwa wa kifua kikuu waliyemrudisha kwenye dawa. Juu ya yote kuna COSA, kamati ya afya inayochaguliwa na wananchi kuketi na wauguzi wa kila kituo.

Kilichopungua ni Watwa ndani ya mpango huo. Kura ya mlimani, ngazi ya chini ya utawala wetu, haiwezi kumpa kiti mtu wa kundi la nyumba kumi kati ya nyumba elfu, hata majirani wakiwa wema kiasi gani. Kwa hiyo penye makazi ya Watwa, kiti kimoja cha COSA kiwe chao, kama Katiba ilivyofanya Bungeni. Mmoja wa abaremeshakiyago wa hapo awe Mtwa, mwanamke ikiwezekana, kwa kuwa ndiye atakayeingia chumbani kwa mzazi. Chama cha Watwa kiwe miongoni mwa vile vinavyotumwa nyumba kwa nyumba kuuliza wagonjwa walipokewaje. Mama aliyeachwa benchini mpaka jioni kwa sababu ya kabila lake atamwambia dada yake kitu ambacho hatamwambia mgeni mwenye kalamu. Nyongeza inayopewa kituo kwa umbali ipewe pia kituo kinachowahudumia Watwa vizuri, kwa ushahidi wa hao wanaotumwa kuuliza. Komini ilipwe kwa siku ya kuandikisha watoto itakayofanyika kwenye makazi yao, afisa akiwa na daftari lake. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hayo. Ni mstari katika mwongozo wa wizara na fungu katika bajeti.

Anayedhani wananchi hawawezi kushika kazi ya afya na fedha zake aende akaulize hapahapa Bujumbura, kwenye kituo cha Turiho. Mwaka 1993, nchi ikiingia vitani, Jeanne Gapiya-Niyonzima na wenzake walianzisha ANSS, chama cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Yeye mwenyewe alikuwa amezika mtoto na mume. Katikati ya miaka ya 1990 alisema hadharani kwamba ana virusi, wa kwanza kufanya hivyo nchini, wakati ambapo familia ziliwaficha wagonjwa chumba cha nyuma na mapadri walihubiri juu ya dhambi. Wenye ugonjwa hawakungoja kuhudumiwa. Walipima watu, wakawashauri, wakatafuta dawa kabla serikali haijaweza, wakabishana na mawaziri na wafadhili kwa majina yao kamili. Kituo chao cha Turiho kikawa mahali mtu anaingia akijua atapokewa na mtu aliyepita njia ileile. Katika utafiti wa 2010 waliokuwa na virusi kati ya watu wazima walikuwa 1.4 kwa mia, na 2016-17 walikuwa 0.9. Hatusemi chama kimoja kilileta hilo. Tunasema hakuna mtu wa afya mjini hapa anayeweza kusimulia habari ya UKIMWI Burundi akaiacha ANSS. Walidharauliwa kuliko wote, wakapewa fedha na madaraka juu ya fedha hizo, na wakafanya kazi.

Kwa Watwa wenyewe, mfano wa karibu uko Uganda, Kanungu, kandokando ya msitu wa Bwindi. Msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Watwa waliokuwa wakiishi kwa msitu ule waliachwa bila ardhi na bila mawindo. Daktari Mmarekani, Scott Kellermann, na mkewe Carol walikwenda kuishi pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaanza kutibu chini ya mti, na kazi ile ikakua ikawa Hospitali ya Jamii ya Bwindi. Cha kujifunza hapo ni bima ya hospitali hiyo, ambayo vikundi vya vijiji, vyama vya kuzikana hasa, hujiunga kwa pamoja. Mpango wa maendeleo ya Watwa unawalipia Watwa mchango wao, nao wanaingia kwa kadi sawa na majirani zao Wakiga, wodi moja, foleni moja. Tofauti iko kwenye anayelipa, na kwenye wahudumu wa Kitwa wanaokwenda makazi yao. Kasoro yake tunaiona pia: uhai wa mpango umeshikwa na wahisani wa mbali, na ardhi ya Watwa imekuwa kesi mahakamani.

Marekani nako, yenye fedha kuliko nchi zote, watoto wa weusi na wa wenyeji wa asili waliendelea kufa mapema kuliko wa weupe. Mwaka 1999 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilianzisha mpango uitwao REACH, uliopeleka fedha kwa ushirikiano wa makanisa, vyama vya mitaa, vyuo na idara za afya, wao wapange wenyewe. Hospitali kubwa zilikuwapo kote. Kilichokosekana ni watu ambao jamii inawaamini.

Tunajua hoja za upande wa pili, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza inasema kutenga fedha kwa kabila ni kuamsha ukabila. Tumeifikiria kwa uzito, maana tumezika watu. Jibu letu ni kwamba Mtwa amekwisha kutengwa, na waliomtenga hawakuhitaji bajeti. Watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini hapa, wataelewa: familia ngapi za Kiswahili, zenye babu wa Manyema, wa Ujiji au wa Uvira, zimeulizwa ninyi ni Wahutu au Watutsi, zikakosa kisanduku cha kujaza? Kutokuandikwa hakukuwafanya wawe sawa na wengine. Isitoshe, mpango tunaouomba unapita kwenye kituo kilekile na muuguzi yuleyule. Mhutu au Mtutsi masikini wa mlima huo atamkuta mhudumu yuleyule mlangoni. Hatanyang'anywa kitu.

Hoja ya pili ni vyama vya mkoba, vile vyenye mhuri, barua pepe na mwenyekiti, bila wanachama. Vipo, na vingine vimekula kwa jina la Watwa bila kuwa na Mtwa hata mmoja. Dawa ni kulipa baada ya kazi kukaguliwa, jambo ambalo nchi hii imelizoea kwa miaka zaidi ya kumi, na kusoma hesabu kwa Kirundi hadharani, pale mlimani, kila robo mwaka: tulipokea hiki, tulilipa hiki, watoto hawa waliandikishwa. Wafinyanzi wasiojua kusoma wanajua kuhesabu. Chama kitakachokataa kusoma hesabu zake kisilipwe.

Wakati nao umebadilika. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID ikafungwa. Kila meza ya wizara na ya mashirika mjini hapa imepunguza kitu. Bajeti ikibanwa, wa kwanza kukatwa ni yule asiye na mtetezi mezani. Tunaiambia wizara mapema: msianzie hapo. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Burundi ilikuwa miongoni mwao. Kundi linalokadiriwa kuwa mmoja kwa mia haliwezi kuifilisi hazina.

Limebaki suala la posho. Abaremeshakiyago ndio walioingia nyumba za Bujumbura kaskazini mpox ilipotangazwa Julai 2024, na Burundi ikawa ya pili Afrika kwa wagonjwa baada ya Kongo. Ndio walioulizia kuharisha kipindupindu kilipotangazwa Januari 2023. Walio wengi hawana mshahara. Kenya, Septemba 2023, iliwapa wahudumu wake wa jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Hatuwezi kumwambia mwanamke wa Kitwa, anayekula kwa kibarua cha leo, aache kibarua hicho akazungukie wagonjwa kwa sababu anaipenda nchi. Posho yake iwe imeandikwa ndani ya mkataba, ya mwezi kwa mwezi, na isicheleweshwe.

Mwaka wa bajeti unaanza Julai, na mipango inaandikwa miezi kabla yake. Wabunge watatu na maseneta watatu wa Kitwa wanayo nafasi ya kuuliza swali moja kwa waziri wa afya, kwa mdomo, likaingia kwenye kumbukumbu: katika bajeti hii, fungu la ushirikiano na jamii za Watwa ni kiasi gani, linapitia mkono wa nani, na ni vituo vipi vitakavyosaini? Wabunge wengine wote wasimame nao. Mkataba uwe wa miaka mitano, maana watoto watakaoandikishwa mwaka huu wanahitaji mitano. Mfadhili anayetaka picha ndani ya miezi kumi na miwili atafute mradi mwingine.